Rimoti ya Pili

"Kaa basi, mama," fundi alisema tena. "Mtu akinisimamia kichwani, mkono wangu unacheza."

"Acha ucheze. Fungua mashine," Inspekta akamjibu, na hakukaa.

Chumba kilikuwa chembamba kama ujia. Upande mmoja alikaa kinyozi, upande wa pili watu wa kuziba pancha, na kila kompresa yao ilipowaka, bisibisi zilizokuwa mezani zilianza kutembea zenyewe. Fundi alikuwa kijana mrefu, miwani yake imeshikizwa kwa waya wa shaba mahali palipovunjika, na mtaa mzima ulimwita Waya. Mbele yake ilikaa mashine ya hewa iliyotolewa jana katika chumba cha bibi mmoja mgonjwa: sanduku jeupe, kimo cha ndoo, na mpira wake mrefu umeviringwa juu yake.

Sajini alikuwa mlangoni anatafuna karanga. Alitikisa simu.

"Afande, mkuu ameuliza tena. Gari la mahabusu linaondoka alasiri. Anataka neno moja tu la fundi: rimoti ya mashine hii ni moja au si moja. Akilipata anasaini, yule mwanamke anapanda gari."

"Nimesikia."

"Nilidhani hujasikia, maana unazunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Inspekta alizunguka meza mara nyingine. Yule mwanamke alikuwa mkwe wa nyumba ile. Mumewe alifariki, naye akabaki kumuuguza mama mkwe, ambaye mapafu yake yalikuwa hayafanyi tena kazi bila mashine. Jana asubuhi Mkwe alikuwa uani anaanika mashuka. Mashine ikazimika. Binti mkubwa wa bibi akapiga kelele, Mkwe akaja mbio, akatoa rimoti kwenye mfuko wa aproni, akaiwasha mashine mbele ya macho ya watu. Lakini bibi alikuwa ameshapoteza fahamu, na mpaka sasa alikuwa amelala hospitali, hasemi wala hafumbui macho. Watoto wake wawili, binti na mwana, walisema kitu kimoja: kabla Mkwe hajafika, taa ya mashine ilikuwa ya njano.

"Nieleze taa," Inspekta alisema.

"Kijani, inafanya kazi," Waya alisema. "Nyekundu, umeme umekatika. Njano, imezimwa kwa rimoti. Niliziweka mimi. Watu walikuwa wananipigia simu, fundi, mashine imekufa, nafunga safari mpaka huko, kumbe mjukuu kakalia rimoti."

"Kitufe cha mkono kiko wapi?"

"Nyuma, chini ya huu mfuniko. Nimeufunga kwa skrubu. Hakuna anayekigusa isipokuwa mimi."

Inspekta aliinama akatazama skrubu. Zilikuwa na vumbi lake la siku zote. Hakuna bisibisi iliyopita pale.

"Mgonjwa na rimoti, wapi na wapi?" Sajini aliuliza.

"Si mgonjwa. Ni yule dada. Alikuja akaniambia, fundi, nikimwinua mama mikono yangu yote imejaa. Siwezi kumwachia nikakimbilia kitufe. Nikamfanyia hii."

"Yule dada nani?"

"Huyohuyo mliyemfunga."

Sajini alitupa ganda la karanga nje. "Waliosema fimbo ya mbali haiui nyoka hawakuwahi kuiona rimoti," alisema.

Inspekta hakucheka. Lilimsumbua neno moja tangu jana. Mtu aliyezima kwa kusudi, kwa nini akimbie kuja kuwasha? Sajini alikuwa na jibu lake, kwamba anajikosha. Huenda. Lakini mkosaji anayejikosha huwahi kusema, na Mkwe hakusema chochote isipokuwa kuuliza kama mama amepata hewa.

"Inafanyaje kazi?" aliuliza. "Sema kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu huniambia nitafute kazi ya maana."

"Sema hivyohivyo."

Waya aliwasha kamera ya simu, akaielekeza kwenye pua ya rimoti iliyotolewa kwenye aproni ya Mkwe, akabonyeza. Kwenye kioo cha simu, kitaa kidogo kilikonyeza rangi ya zambarau. Inspekta alitazama rimoti yenyewe kwa macho yake: hakuna kitu. Alitazama tena simu: kinakonyeza.

"Ni mwanga, ila jicho la mtu haliuoni," Waya alisema. "Jicho la mashine linauona, hili hapa mbele. Kila kitufe kina mikonyezo yake, mirefu na mifupi, haraka haraka. Sasa, ndani ya kibao hiki cha umeme kuna programu. Sisi tunaiita draiva."

"Basi tumkamate huyo draiva," Sajini alisema, "tumwache mama wa watu aende zake."

"Draiva ndiye anayesoma mikonyezo. Anapata namba. Namba hii, washa. Namba hii, zima. Namba asiyoijua, ananyamaza. Rimoti za televisheni, za feni, za redio, kila ukoo una lugha yake. Ukiwasha feni karibu na mashine, mashine haina habari. Kwa hiyo mwandikieni mkuu wenu: rimoti ni moja."

"Nionyeshe."

"Si nimekwambia?"

"Umeniambia. Sasa nionyeshe."

Waya alishusha pumzi kama mtu aliyeombwa kuhesabu nywele. Aliingiza mguu chini ya meza, akavuta ndoo iliyojaa rimoti za kila aina, zenye meno na vibogoyo. Akaiwasha mashine kwa rimoti ya Mkwe. Mashine ikaanza kuvuta pumzi, taa ikawa ya kijani. Akachukua rimoti ya kwanza kwenye ndoo, akabonyeza kitufe chekundu. Kijani. Akaitupa. Ya pili, kijani. Alikuwa akizitupa sakafuni mojamoja, akisema, "Ya feni. Ya redio. Ya televisheni kubwa. Hii hata sijui ni ya nini. Unaona, mama? Draiva kanyamaza kimya." Akachukua nyingine nyeusi, nyembamba, akabonyeza huku anamtazama Inspekta.

Mashine ikakata pumzi.

Waya aligeuka. Taa ilikuwa ya njano.

Kompresa ya jirani ilikuwa imezima. Waya alibonyeza tena ile nyeusi, mashine haikuwaka. Alichukua ya Mkwe, akawasha kwa kitufe cha kijani. Akabonyeza nyeusi. Njano.

"Hiyo ni ya nini?" Inspekta aliuliza.

"King'amuzi cha zamani," Waya alisema taratibu. "Wameacha kuviuza. Kumbe ndiyo ile." Alivua miwani, akaivaa. "Nilisahau. Wallahi nilisahau."

"Ulisahau nini?"

"Kililetwa kibao hiki, kimechomolewa kwenye mashine. Hakina shida kuchomoa, kinaingia kama chaja. Kimeletwa pamoja na rimoti ya king'amuzi kama hii. Mtu akasema rimoti ya mashine imepotea, je, naweza kuifundisha mashine isikie hii? Nikamwongezea draiva namba zake. Kazi ndogo."

"Ukaongeza. Ya kwanza hukuifuta?"

"Mama, mimi sifuti kitu kinachofanya kazi. Hiyo ndiyo sheria ya kazi yetu. Ukifuta leo, kesho mteja yuko mlangoni."

Inspekta aliacha kuzunguka. Rimoti ya Mkwe haikuwahi kupotea. Ilikuwa ndani ya aproni siku zote, na iliendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa hiyo mwenyewe asingejua kwamba mashine imepata bwana wa pili.

"Nani alileta?"

Waya alionyesha dirisha lililokatwa ukutani, chini, lenye nondo, ambamo hata kichwa kisingepita. Yeye hukaa kwenye kigoda ndani. Wateja husimama nje juani. "Mimi naona mikono tu."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Rimoti ilikuwa nyeusi."

"Sikukuuliza rimoti."

"Najua. Nakumbuka rimoti."

"Sauti je?"

"Na kompresa ile? Hapa tunapigiana makelele. Kasuku na fahali sauti zao ni moja."

Sajini aliguna. "Huyu hata mke wake atamtambua kwa betri."

"Sawa," Inspekta alisema. "Niambie rimoti."

Uso wa Waya ulifunguka. "Kifuniko cha betri hakikuwepo, kimefungwa utepe. Vitufe vilikuwa vimekwama kwa uchafu. Nikaifungua nikaisugua kwa brashi. Ilikuwa imejaa chaki."

"Chaki?"

"Unga wa chaki, wa bluu. Ulichafua meza yote."

Karanga zilimwanguka Sajini. "Afande! Yule mtoto wa kiume wa bibi ni mwalimu!"

"Nimesikia," Inspekta alisema, lakini alikuwa bado anatazama rimoti nyeusi. Aliichukua. Akabonyeza. Akabonyeza tena. "Mbona inazima na haiwashi?"

Waya alijikuna shingo. "Hilo ni kosa langu. Rimoti ya yule dada ina vitufe viwili: kijani cha kuwasha, chekundu cha kuzima. Ya king'amuzi ina chekundu peke yake, kinafanya vyote. Mimi nikakiandika chekundu kama kile cha kwanza: zima. Ilitakiwa niongeze kwamba kikibonyezwa mara ya pili, washa. Sikuongeza. Kibao kilikuwa hapa, mashine iko kwao, sikujaribu mpaka mwisho."

"Kwa hiyo mwenye rimoti hiyo anazima, hawezi kuwasha."

"Hata akibonyeza mpaka kesho."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambiaje, nami ndiyo kwanza naona?"

Inspekta aliitia rimoti nyeusi mfukoni. "Neno hilo la kuwasha limebaki kwako, kwangu na kwa Sajini. Likitoka nje ya chumba hiki, nitajua limetokea wapi. Kiache kibao mahali pake. Mashine tunaondoka nayo."

Ndani ya gari, Inspekta alimpigia mkuu wa kituo.

"Rimoti ni mbili, mkuu."

"Nani kasema?"

"Mashine yenyewe."

"Iko wapi hiyo ya pili?"

"Sijaipata."

"Basi sina ya pili. Nina moja, na nina mtu aliyekuwa nayo. Gari likija, linaondoka na mtu. Alasiri, Inspekta."

Walipita kituoni, kwa sababu lilikuwa njiani na kwa sababu Inspekta alitaka jibu moja. Mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, mikono katikati ya magoti, bado kavaa aproni, mfuko wake umepinduliwa nje kama ulivyoachwa na waliompekua.

"Shikamoo, afande. Mama je?"

"Marahaba. Yuko vilevile. Nisikilize. Mashine iliwahi kubaki nyumbani bila wewe?"

Mkwe alifikiri. "Siku ya kliniki. Nilimpeleka mama kwa gari la kukodi, na mtungi mdogo wa hewa. Mashine ikabaki."

"Nani alishika nyumba?"

"Wifi. Na shemeji alipita jioni, nadhani. Tulipofika tuliwakuta wote wawili."

"Na wifi yako mnaelewana?"

"Wifi ni wifi, afande." Alitabasamu kidogo, tabasamu la uchovu. "Ana maneno, lakini akija hakai bure. Amehamishia cherehani yake pale barazani ili awe karibu na mama. Shida ni mama mwenyewe. Wifi akimpa maji, mama anafunga mdomo. Ananiita mimi. Namwambia, wifi, usitie moyoni, mgonjwa ni kama mtoto mchanga, amezoea mkono mmoja. Inamuuma. Hata ingekuwa mimi ingeniuma."

Inspekta alikuwa ameshageuka kuondoka. Alisimama. "Anashona nini?"

"Sare za shule. Kwa nini?"

Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni.

Nyumba ilikuwa na baraza ndefu mbele. Mwalimu alikuwa amekaa ngazini, simu sikioni, anaulizia hospitali saa za kuona wagonjwa kana kwamba akiuliza sana wangezirudisha nyuma. Alipoona polisi wanashusha mashine, alisimama.

"Mnairudisha? Ya kazi gani sasa?"

"Nionyeshe vidole, mwalimu," Sajini alisema mbiombio.

"Vidole?"

Alinyoosha mikono. Vidole viwili vilikuwa na wino mweusi, wa kung'aa, ule usiotoka kwa sabuni.

"Shuleni mnaandikia nini?" Inspekta aliuliza.

"Kalamu za ubao mweupe. Chaki tuliziaga zamani, zilikuwa zinatukohoza. Mama yangu yuko mahututi, afande, mnaniuliza chaki?"

Sajini alishuka mabega kama gunia lililotobolewa.

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Sebuleni, nasikiliza habari. Nilitoka niliposikia dada analia."

"Dada alikuwa wapi?"

"Hapo kwenye cherehani. Ndiye aliyesikia mashine imenyamaza."

Cherehani ilikuwa mwisho wa baraza, chini ya dirisha la chumba cha mgonjwa. Juu ya meza yake kulikuwa na suruali ndogo iliyokatwa nusu, sindano, na kipande bapa cha chaki ya kuchorea kitambaa, kama biskuti iliyomung'unywa pembeni. Cha bluu. Inspekta alisimama nyuma ya kiti cha mshonaji akatazama ndani kupitia kioo. Pazia lilikuwa limevutwa kando. Kitanda kilikuwa kitupu. Nyuma ya kitanda, ukutani, kulikuwa na alama nyeupe ya mraba mahali ambapo mashine hukaa, inatazamana na dirisha uso kwa uso.

"Eeeh, wamerudi!" Sauti ilitoka mlangoni. Dada Mkubwa alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. "Mwizi kakamatwa na ngozi mkononi, nyie bado mnamtafuta mbuzi. Mnataka nini tena humu?"

"Kuiweka mashine mahali pake, mama. Tuangalie kitu kimoja. Njooni wote wawili."

Waliingia chumbani. Kulikuwa na harufu ya dawa na shuka za jua. Sajini aliiweka mashine mbele ya alama yake, akachomeka umeme, na Inspekta akaiwasha kwa rimoti iliyotoka kwenye aproni. Kijani. Mashine ikaanza kuvuta pumzi, na Mwalimu akatazama pembeni, maana ile ilikuwa sauti ya mama yake ya siku zote.

Inspekta alimpa Sajini rimoti nyeusi. "Nenda barazani. Simama penye kiti cha cherehani. Ukifika, bonyeza chekundu, mara moja tu."

Sajini alitoka. Walimwona akitokea nyuma ya kioo, akainua mkono. Mashine ikakata pumzi. Njano.

Mwalimu aliinama kuitazama taa.

"Hiyo si rimoti ya mkwe wenu," Inspekta alisema. "Ni ya king'amuzi cha zamani. Kuna mtu wa nyumba hii alichomoa kibao siku ya kliniki, akakipeleka kwa fundi na rimoti ya aina hii, akadanganya kwamba ya kwanza imepotea. Jana akasimama nje ya dirisha hili. Ukuta ungeuzuia mwanga wa rimoti. Kioo hakiuzuii."

"Wapo wengi wanaopita barazani," Dada Mkubwa alisema. Mkono wake ulikuwa umeshika utepe wa shingoni, unauviringa.

"Inawezekana. Jina lake nitalipata. Kwanza nataka mjue ni mtu wa namna gani, maana mkuu wangu lazima aandike kosa." Alimgeukia Mwalimu. "Televisheni yenu, ukibonyeza chekundu inazima. Ukibonyeza tena?"

"Inawaka."

"Basi. King'amuzi ni hivyohivyo. Kitufe kimoja, kuzima na kuwasha. Kwa hiyo aliyekuwa pale nje angeweza kuirudisha hewa wakati wowote aliotaka. Alimwona mama anatapatapa, kitufe kiko chini ya kidole chake, na akakataa kukibonyeza. Alisimama akamtazama mama anakata pumzi. Sitaandika uzembe, mwalimu. Sitaandika mzaha uliozidi. Nitaandika alikusudia kuua."

"Shetani gani huyo," Mwalimu alisema kwa sauti iliyokauka. "Dada, kuna mtu wa hivyo kweli? Amwangalie mama hivyo, asikibonyeze?"

Dada Mkubwa hakumwangalia mdogo wake. Alikuwa anatazama taa ya njano.

"Alikibonyeza," alisema.

"Nani?"

"Hakiwashi." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Msiseme alisimama akamtazama! Hakiwashi kile kitufe! Kinazima tu, ukibonyeza hakiwashi, ukibonyeza hakiwashi, unabonyeza mpaka kucha inakatika, hakiwashi!"

Alinyoosha kidole gumba. Kucha ilikuwa imepasuka katikati. Halafu akaona wote wanakitazama, akakirudisha kidole ndani ya ngumi.

Sajini alikuwa amesharudi mlangoni. Hakutania.

"Kaa, mama," Inspekta alisema.

Hakukaa. Alishika chuma cha kitanda. "Nilitaka niingie mimi niiwashe. Basi. Nipige kelele, niingie, niiwashe, afumbue macho anikute mimi nimemshika. Siku moja tu. Mimi ndiye niliyetangulia kutoka tumboni mwake, afande. Nimemfulia nguo zake nikiwa sijafika kimo cha beseni. Na anaita jina la mtoto wa watu. Namletea maji, anafunga mdomo." Alivuta pumzi kama mashine. "Nikabonyeza, ikazima vizuri. Nikabonyeza, haikuwaka. Nikakimbia ndani, nikabonyeza mbele yake kabisa, karibu na lile jicho. Ndipo nikapiga kelele. Ile kelele ilikuwa ya kweli."

"Rimoti iko wapi?"

"Kwenye shimo la choo."

"Na mkwe wenu?"

"Alikuwa na rimoti yake mfukoni. Watu wakamtazama yeye. Mimi nilinyamaza tu."

"Hukunyamaza, dada," Mwalimu alisema. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda bila kujua amekaa lini. "Ulisema mshikeni. Nami nikamshika mkono. Nikamshika mimi."

Inspekta alikuwa ameshabonyeza namba ya kituo. Iliita, ikaita. Alienda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Kaunta."

"Yule mkwe, yuko wapi?"

"Ameshapanda, afande. Gari linawasha injini."

"Mshushe."

"Mkuu amesaini..."

"Mwambie mkuu nina mtu, na maneno yake yametoka mbele ya mashahidi wawili. Mshushe sasa hivi, mpe simu."

Walisikia nyayo za kukimbia, geti la chuma, watu wakibishana, injini ikinguruma kisha ikikohoa na kunyamaza. Inspekta aliweka simu kwenye sauti kubwa, kwa sababu mkono wake mwingine ulikuwa umeshatoa pingu. Kisha ikaja sauti ya Mkwe, inahema.

"Afande?"

"Umetoka. Tumempata aliyezima. Unanisikia? Kesi yako imekwisha."

Kila mtu chumbani alisubiri aulize ni nani.

"Afande, hospitali wamemgeuza mama?" Mkwe alisema. "Tangu jana nawaza. Wakimlaza chali kikohozi kinamkaba, na yeye hawezi kuwaambia. Tafadhali wapigie wamweke ubavu. Ila si ubavu wowote, ule mwingine una maumivu ya zamani, hapumui vizuri. Wamweke ule wa..."

Simu ikakatika. Inspekta alipiga tena. Inatumika. Akapiga. Inatumika.

Akawageukia watoto wa bibi.

"Ubavu gani?"

Mwalimu alitazama kitanda alichokalia, upande huu, upande ule, kana kwamba godoro lingemwambia. Akamtazama dada yake.

"Mama yenu hulala ubavu gani?" Inspekta aliuliza tena, kwa sauti ya juu.

Dada Mkubwa alinyoosha mikono yote miwili mbele, kabla hajaambiwa, vidole vyake bado vina unga wa bluu.

"Muulizeni yeye," alisema. "Twendeni mkamuulize yeye."